Njia ya Mkondo: Feni ya Umeme katika Gari la Spoti la Zamani

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki wakiendesha Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari hilo la spoti kutoka Japani, lenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4, lingali linatunzwa na wapenzi wake katika nchi nyingi. Baadhi yao huiondoa feni yake ya asili na kuweka ya umeme. Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini pengine feni mpya huzimika siku ya jua kali, gari likiwa katikati ya msongamano. Aghalabu kosa si la feni, bali la njia inayoupitisha mkondo wa umeme.

Kwa nini feni ya umeme?

Feni ya asili ya gari hilo huzungushwa na injini kwa mkanda. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani hutosha kuipoza rejeta. Gari likisimama, upepo hukoma, na wakati huo huo injini huzunguka polepole. Hivyo feni hupungukiwa nguvu pale hasa inapohitajiwa. Feni ya umeme haina kasoro hiyo, kwa kuwa haitegemei mwendo wa injini.

Hata hivyo, ikishindwa kufanya kazi, hasara ni kubwa. Kichwa cha silinda cha injini hiyo ni cha alumini, nacho kimefungwa juu ya bloku ya chuma. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka kupita kiasi, kichwa huweza kupinda na gasketi kuharibika.

Hesabu ya waya

Tuseme feni hutumia mkondo wa ampea 20. Waya wa shaba wenye urefu wa meta 5 na eneo la mkato la milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.085 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea njiani ni:

20 × 0.085 = volti 1.7

Joto linalozalishwa katika waya ni 20 × 20 × 0.085, yaani wati 34. Feni hupata volti pungufu na kuzunguka kwa uvivu, ilhali waya unapata moto. Waya wenye mkato wa milimita 4 za mraba hupunguza ukinzani hadi robo: volti 0.4 tu hupotea, na joto huwa wati 8.5.

Viungo ni hatari zaidi kuliko waya. Boliti yenye kutu, inayounganisha waya na bodi ya gari, ikiwa na ukinzani wa omu 0.05, hupoteza volti 1 nzima. Wati 20 za joto hukusanyika mahali padogo mno, nazo zaweza kuyeyusha plastiki iliyo karibu. Kwa sababu hiyo ni afadhali waya wa kurudi upelekwe moja kwa moja hadi betri.

Swichi ndogo, mzigo mkubwa

Katika 240Z mkondo wote wa taa kubwa za mbele hupita katika swichi iliyo karibu na usukani. Swichi za namna hiyo zimekwisha kubeba mzigo wake kwa miaka mingi. Kuziongezea feni ni kuziunguza. Dawa yake ni relei, ambayo ni swichi inayofungwa na sumaku-umeme. Mkondo mdogo, usiofikia nusu ampea, huiamsha sumaku; sumaku nayo huunganisha njia fupi na nene ya mkondo mkubwa.

Mkondo mkubwa hutoka betri, hupita fyuzi, huingia relei katika ncha namba 30, hutokea namba 87 na kwenda kwenye feni. Ncha namba 85 na 86 ni za koili. Moja hupata umeme kutoka swichi ya kuwashia injini; nyingine huenda kwenye swichi ya joto iliyo katika rejeta, ambayo huikamilisha njia kupitia bodi. Swichi ya joto inayowasha feni katika nyuzi 92 za Selsiasi huizima katika 87 hivi. Bila tofauti hiyo, feni ingewaka na kuzimika kila mara.

Fyuzi hukaa karibu na betri, kwa maana kazi yake ni kuulinda waya. Feni inapoanza kuzunguka hudai mkondo mkubwa kuliko kawaida yake. Basi kwa feni ya ampea 20 hufaa fyuzi ya ampea 30, na waya sharti uweze kuzibeba hizo 30.

Jaribio

Feni ikiwa inazunguka, voltimita huwekwa kati ya ncha chanya ya betri na ncha chanya ya feni, kisha kati ya ncha hasi zao. Kila kipimo huonyesha volti zilizopotea upande huo. Jumla ikizidi volti 1, kiungo kibovu hutafutwa kwa kupima kipande baada ya kipande. Wanafunzi waweza kufanya jaribio hilo hilo darasani kwa betri, balbu ya tochi na waya mwembamba mrefu. Mwanga wa balbu utafifia kadiri waya unavyorefushwa.