Sura ya Nne: Mlima Haupandwi kwa Ubavu

Wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huulizia zaidi baridi na viatu. Lakini kinachowarudisha wengi kabla ya kufika kileleni ni hewa.

Tanga mjini na kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, vina hewa yenye kiwango kilekile cha oksijeni, karibu asilimia 21. Kinachobadilika ni mgandamizo. Kileleni hushuka hadi karibu nusu, hivyo kila pumzi hupeleka mapafuni takriban nusu ya oksijeni aliyoizoea mtu wa pwani. Mwili hujirekebisha: pumzi huongezeka, moyo hupiga haraka, na baadaye chembe nyekundu za damu huzidi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na wingi wa mazoezi hauiharakishi. Ndiyo maana kijana mcheza mpira anaweza kuzidiwa, na mama wa miaka sitini anayekwenda polepole akafika.

Kanuni ni hii: ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Tuipime njia ya Marangu. Kituo cha Mandara kipo kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700 na Kibo 4,700. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 1,000, mara mbili ya kanuni. Dawa yake ni kulala Horombo usiku wa pili: mchana unapanda hadi karibu mita 4,000 upande wa Mawenzi, jioni unarudi. Njia ya Machame ina utaratibu huo tayari, kwani wengi hupitia Lava Tower, mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Panda juu, lala chini.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula. Hapo usipande tena mpaka zitulie. Zikizidi, shuka.

Hali mbili huua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa na kupepesuka. Mwambie atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, hiyo ni dharura. Ya pili ni maji kujaa mapafuni: anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Hali zote mbili hazingoji kupambazuke. Mgonjwa ashushwe mara moja, hata usiku wa manane, na oksijeni itumike ikiwapo. Vidonge vya asetazolamaidi, kwa ushauri wa daktari, husaidia mwili kuzoea, lakini havimpi mtu ruhusa ya kukimbilia juu.

Wapagazi nao huugua, hata waliozaliwa Marangu au Machame. Mwenye kichwa kinachouma anaweza kunyamaza kwa kuhofia ujira wake. Kumtazama na kumuuliza hali yake ni wajibu wa msafara mzima.

Basi, unapopanga safari, punguza gharama kwingine kokote, ila si kwenye idadi ya siku. Mweleze kiongozi wako unavyojisikia, bila kuficha, kila asubuhi na kila jioni. Akikuambia shuka, shuka. Kilele utakikuta mwakani palepale kilipo.