Mbegu za Mwarobaini: Dawa Inayopotea Jikoni

Mwarobaini ni mti unaojulikana sana katika Afrika ya Mashariki, na jina lake latokana na imani ya wazee wetu kwamba huponya maradhi arobaini. Wengi hukimbilia majani na magome yake, lakini mbegu huachwa zikaoza chini ya mti. Na hao wachache wazitumiao kupambana na wadudu wa bustani huzichemsha kama wachemshavyo majani ya chai, kisha hulalamika kwamba dawa haikufaa kitu. Dawa ilikuwamo, ndugu msomaji. Moto ndio ulioiharibu.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi na Burma. Mwaka 1959, nzige walipoivamia Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kwamba waliila mimea yote iliyowazunguka wakauacha mwarobaini. Mwaka 1968, Butterworth na Morgan wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walifaulu kuitenga kutoka katika mbegu kemikali iitwayo azadiraktini. Umbo lake latatanisha mno, hata kazi ya kuiunda katika maabara, iliyoongozwa na Steven Ley huko Cambridge, ilichukua miaka 22 na kukamilika mwaka 2007. Mti uliopandwa uani kwa ajili ya kivuli huitengeneza kila msimu bila malipo.

Kemikali hii ina maadui watatu: joto kali, mwanga wa jua, na vitu vya magadi kama vile majivu. Adui wa nne ni ukungu, ambao huishambulia mbegu yenyewe. Basi yafaa kuanza na matunda. Yaokotwe yakiwa ya manjano, yamenywe siku hiyo hiyo, mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini juu ya mkeka mpaka zikauke kabisa. Zihifadhiwe katika kikapu au gunia linalopitisha hewa. Mfuko wa plastiki huzitia jasho. Mbegu iliyoota ukungu itupwe, kwa maana huweza kuwa na sumu.

Siku ya kazi, maganda yabanguliwe, yapepetwe, na viini vitwangwe kinuni. Hapa ndipo mkono wa mama mzoefu unapohitajika: vitwangwe mpaka viwe unga wa chengachenga, lakini visitwangwe hata vikatoa mafuta na kugandamana kama siagi ya karanga, kwani maji hayataweza kupenya. Kipimo ni gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, yaani nusu kilo kwa ndoo ya lita kumi. Unga ufungwe katika kitambaa, ulowekwe katika maji baridi usiku kucha, kisha ukamuliwe vizuri. Maji yatakuwa meupe kama tui jembamba. Tia sabuni kidogo sana wakati wa kunyunyizia tu, ili dawa ishike majani. Nyunyizia jioni, jua likiisha kupungua, na uimalize dawa hiyo siku hiyo hiyo.

Usitazamie viwavi wa kabeji waanguke papo hapo. Azadiraktini humfanya kiwavi aache kula, na aliye mchanga hushindwa kujivua ngozi. Atakayewakuta wangali hai asubuhi atazame kwanza kama majani yameongezeka matundu. Jua huidhoofisha dawa kwa siku chache, kwa hiyo ni lazima kurudia, hasa baada ya mvua.

Viwandani hutumia alkoholi, ambayo huiyeyusha kemikali hii vizuri kuliko maji. Kwa bustani iliyo nyuma ya nyumba za askari, maji yatosha. Wapo pia wanaokamua mafuta na kutupa mashudu. Hao hutupa sehemu kubwa ya azadiraktini, kwa kuwa hubaki humo.

Lakini mafuta hayo yana hatari ambayo kila mzazi apaswa kuijua. Mapema katika miaka ya 1980, madaktari huko Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Walitapika, wakalemewa na usingizi, ubongo ukadhurika, na baadhi yao wakafariki. Kiasi walichopewa kilikuwa kidogo. Mtoto asinyweshwe mafuta hayo, wala mama mjamzito asiyanywe, hata kama jirani asema yalimfaa. Chupa ya dawa ya bustani iandikwe jina na kuwekwa mbali na vyakula. Ikitokea mtoto ameyanywa, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja atapike, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.