Prosesa ya Laptopu na ya Kompyuta ya Mezani Katika Joto la Kisumu

Prosesa mbili zinaweza kuwa na jina moja, zikatoka kiwandani mwaka mmoja, na bado moja ikafanya karibu maradufu ya kazi ya mwenzake. Katika biashara ya kompyuta za mtumba mjini Kisumu, mfano wa jambo hili haukosi. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha sita zina prosesa ya i5-6300U, na kompyuta za mezani za kizazi hicho zina i5-6500. Zote mbili zilitoka mwaka 2015, zote zimejengwa kwa muundo wa Skylake, na kibandiko cha nje kinasema i5 tu. Ndani, hata hivyo, ile ya laptopu ina viini 2 na imekadiriwa wati 15. Ya mezani ina viini 4 na wati 65. Kasi ya juu kabisa ni gigahezi 3.0 kwa ya kwanza na 3.6 kwa ya pili.

Tofauti hiyo haionekani katika kila kazi. Mwenye saiba anayejazia wateja fomu za serikali na kuchapisha barua hutumia kiini kimoja kwa sekunde chache, kisha prosesa inakaa ikisubiri. Hapo laptopu haiachwi nyuma sana, na ikionekana nzito, mara nyingi kosa ni la diski kuu ya zamani inayozunguka au memori ndogo. Mambo hubadilika kwenye kazi ndefu inayogawika: kuhariri video ya harusi, kuchanganya sauti za muziki wa ohangla studioni, au kuchora jengo katika pande tatu. Viini vyote huitwa kazini pamoja, kwa dakika nyingi mfululizo, na i5-6500 huenda mbele bila kurudi nyuma.

Chanzo cha yote haya ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kulingana na kasi yake na kulingana na volti ikizidishwa kwa volti. Kwa kuwa kasi kubwa hudai volti kubwa, matumizi hupanda kwa haraka kuliko kasi yenyewe. Volti ikipanda sambamba na kasi, kuongeza kasi mara mbili hugharimu umeme mara nane. Hesabu hiyohiyo ikisomwa kinyume ndiyo inayoiwezesha laptopu kuwapo. Prosesa ikipewa wati 15 badala ya 65, yaani chini ya robo, kwa kanuni hii hubaki na takriban asilimia 60 ya kasi. Mtengenezaji wa laptopu anauza kasi kidogo ili apate saa nyingi za betri, na kwa kweli si biashara mbaya.

Wati zote hizo huishia kuwa joto, na joto lazima litolewe nje. Kompyuta ya mezani ina bonge la alumini na feni pana. Laptopu ina bomba jembamba la shaba na feni ndogo mno. Prosesa ya laptopu ikifikia nyuzi 100 hivi za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana laptopu huanza kazi kwa nguvu, kisha baada ya dakika chache ikapoa mwendo.

Kisumu huongeza mzigo huo kwa njia mbili. Mchana chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 kwa urahisi, kwa hiyo pengo kati ya hewa na ule ukomo wa nyuzi 100 ni nyuzi 70, wakati katika ofisi ya nyuzi 20 lingekuwa 80. Pili, mji uko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Mombasa, hivyo feni inayozunguka vilevile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi. Mambo haya mawili yakiunganishwa, laptopu hupoteza karibu humusi ya uwezo wake wa kutoa joto. Kwa kanuni ya volti iliyotajwa, kasi inayopotea ni ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi. Kompyuta ya mezani kwa kawaida haihisi kitu, kwa sababu haikaribii ukomo wake. Vumbi, pamoja na wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, wanaweza kuziba matundu ya feni na kuharibu zaidi ya hali ya hewa yenyewe. Fundi akisafisha feni na kubadilisha grisi iliyokauka juu ya prosesa, kasi nyingi hurudi.

Apple ilionyesha jambo hili waziwazi mwezi Novemba 2020, ilipoweka prosesa moja ya M1 katika MacBook Air isiyo na feni na katika Mac mini yenye feni. Kwa kazi fupi hazitofautiani; kwa kazi ndefu Mac mini hubaki na kasi yake, na Air hushuka.

Umeme nao una neno lake. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme huzima papo hapo pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Laptopu huendelea, ingawa nyingi hushusha kasi zikitegemea betri.

Mnunuzi asome herufi ya mwisho ya namba. U ni ya wati chache, H ni ya laptopu zenye nguvu zaidi, na T ni ya kompyuta ndogo za mezani: i5-6500T ina wati 35 na haizidi gigahezi 3.1. Kizazi nacho kina uzito. i5-8250U ya mwaka 2017, yenye wati zilezile 15, ina viini 4, na kwa kazi fupi huikaribia i5-6500.