Mratibu wa mashambulizi: Kocha anayetangulia kupigwa kalamu timu inapokosa alama

YEYOTE aliyewahi kuketi jukwaani katika uwanja wa magongo wa City Park, mtaani Parklands, Nairobi, anaifahamu hali hii. Mwamuzi anaashiria kona fupi. Washambulizi wanakusanyika, vichwa vikiwa karibu karibu, mmoja wao anatamka neno moja au nambari, kisha kila mtu anashika mahali pake. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli, unasimamishwa nje ya nusu duara, na kombora linafyatuliwa.

Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Lakini neno lile lililotamkwa lilifanyiwa mazoezi kwa majuma mengi, na yupo kocha aliyelibuni. Kocha huyo akiondoka leo, wachezaji watazungumza lugha gani kesho?

Swali hilo huulizwa kila mwaka katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako kandanda ya huko, ile inayochezwa kwa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ni biashara ya mamilioni ya dola. Msimu wa kawaida unapokamilika mwishoni mwa Novemba, makocha huanza kumwaga unga mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi anayetangulia si kocha mkuu bali msaidizi wake anayeitwa mratibu wa mashambulizi.

Katika magongo, kona fupi huja mara chache katika mechi. Katika kandanda ya Kimarekani, mchezo mzima ni kama mfululizo wa kona fupi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani takriban mita 9. Kila jaribio likiisha mchezo husimama, na kwa kawaida timu huwa na sekunde 40 za kuanzisha jingine. Katika muda huo mfupi lazima mtu aamue: mpira urushwe au ubebwe, kulia au kushoto, nani akimbie wapi na nani amzuie nani.

Mtu huyo ndiye mratibu wa mashambulizi. Wengine husimama kando ya uwanja, wengine huketi katika chumba cha juu kabisa jukwaani, wanakoona wachezaji wote 22 kwa pamoja. Kwa miaka mingi maagizo yalipitishwa kwa ishara za mikono na mabango yenye picha za ajabu ajabu. Kuanzia msimu wa 2024, sheria za ngazi ya juu ya vyuo ziliruhusu redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja aliye uwanjani, na mawasiliano hayo hukatwa saa inapobakisha sekunde 15.

Hata hivyo, kazi ya kuchagua mchezo siku ya mechi ni sehemu ndogo tu ya jukumu lake. Sehemu kubwa ni kuunda kamusi ya timu. Mbio zile zile za kona moja ya uwanja zinaweza kuitwa kwa jina la mnyama katika chuo kimoja na kwa nambari mbili katika kingine. Mchezaji anayepanga na kurusha mpira, ambaye Wamarekani humwita quarterback, hana budi kuifahamu kamusi yote na kuwatafsiria wenzake katikati ya kelele za maelfu ya mashabiki. Kocha mpya huja na kamusi yake. Mwanafunzi aliyetumia miaka miwili kuisoma ya kwanza huanza tena alifu kwa ujiti, ilhali kanuni za masomo na michezo zimempa miaka michache tu ya kucheza chuoni.

Mbona basi vyuo hukimbilia kumbadilisha? Jibu la kwanza ni pesa. Kocha mkuu wa chuo kikubwa huwa na mkataba mrefu, na kumfuta kabla ya muda wake ni gharama inayoweza kumtia kizunguzungu hata mhasibu. Msaidizi ni nafuu zaidi. Akiondolewa, wafadhili na mashabiki huona kwamba jambo limefanywa, na kocha mkuu hupata msimu mmoja zaidi wa kuvuta pumzi.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Texas A&M ni wa kusikitisha kidogo na wa kuchekesha kidogo. Novemba 2022, baada ya msimu mbaya, chuo hicho kiliachana na mratibu wa mashambulizi Darrell Dickey. Kilichojulikana na kila mtu ni kwamba aliyekuwa akichagua michezo siku ya mechi ni kocha mkuu mwenyewe, Jimbo Fisher. Aliyetolewa kafara, kwa maneno mengine, hakuwa mwenye kisu. Januari 2023 aliletwa Bobby Petrino kushika usukani wa mashambulizi. Kufikia Novemba 12, 2023, Fisher naye alikuwa amefutwa, na chuo kikalazimika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Iowa kina utamu wa aina nyingine, kwani humo kazi ilichanganyika na damu. Kocha mkuu Kirk Ferentz, aliyeshika timu hiyo tangu 1999, alimfanya mwanawe Brian kuwa mratibu wa mashambulizi mwaka wa 2017. Kwa sababu ya kanuni dhidi ya upendeleo wa kifamilia, katika makaratasi mwana hakuwajibika kwa babake bali kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Nani aliyeamini kwamba mkurugenzi ndiye angezungumza naye mezani wakati wa chakula cha jioni ni suala jingine.

Mashambulizi ya Iowa yalidorora kiasi kwamba mapema mwaka wa 2023 mkataba wa Brian uliandikwa upya. Mshahara wake ulipunguzwa hadi dola 850,000 na akapewa masharti mawili: timu ifunge wastani wa alama 25 kwa mechi na ipate angalau ushindi mara 7. Alama zilizopatikana na walinzi zilihesabiwa pia, jambo lililowafanya mashabiki kote Marekani kuhesabu alama za Iowa kila Jumamosi kama mtu anayehesabu deni la jirani.

Lengo hilo halikukaribiwa. Oktoba 30, 2023, mkurugenzi wa muda wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian hangerejea baada ya msimu huo, ingawa timu ilikuwa imeshinda mechi sita kati ya nane. Uamuzi ulikuwa wa mkurugenzi, si wa baba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Iowa ilimaliza msimu na ushindi mara 10. Lakini katika mechi mbili za mwisho, fainali ya ligi ya Big Ten dhidi ya Michigan na ile ya Citrus Bowl dhidi ya Tennessee, haikupata hata alama moja. Wastani wa msimu mzima ulikuwa chini ya 16.

Januari 2024 nafasi hiyo ilijazwa na Tim Lester, kocha aliyewahi kuiongoza Western Michigan. Msimu uliofuata, wastani wa Iowa ulipita zile alama 25 ambazo Brian alishindwa kuzifikia. Kwa kinaya, timu ilishinda mechi 8 pekee, mbili chini ya alizoshinda mtangulizi wake aliyechekwa.

Wakati wa kufanya mabadiliko nao ni mtihani. Mwishoni mwa 2016, Lane Kiffin alikuwa mratibu wa mashambulizi wa Alabama, na tayari alikuwa amekubali kazi ya kocha mkuu wa Florida Atlantic. Alikusudia kubaki hadi fainali ya taifa. Lakini baada ya Alabama kuishinda Washington katika nusu-fainali ya Desemba 31, kocha mkuu Nick Saban aliamua kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Kiffin aliondoka na Steve Sarkisian akakabidhiwa mashambulizi wiki moja tu kabla ya fainali.

Mnamo Januari 9, 2017, Alabama ilishindwa na Clemson kwa alama 35-31, bao la ushindi likifungwa saa ikibakisha sekunde moja. Ni rahisi kusema kwamba mabadiliko yale ndiyo yaliyoiponza. Ukweli ni kwamba Alabama ilikuwa imetwaa uongozi zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, na aliyeruhusu bao la mwisho ni ulinzi, si mashambulizi.

Isitoshe, Alabama iliendelea kuwabadilisha waratibu karibu kila mwaka, wengi wao wakitwaliwa na timu nyingine, na bado ikatwaa ubingwa Januari 2018 na Januari 2021. Timu yenye wachezaji bora na kocha mkuu asiyetetereka huweza kuhimili mabadiliko ambayo yangeiangusha timu nyingine.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, kilionja pande zote mbili za shilingi. Januari 2019 kilimchukua Joe Brady, kijana kutoka benchi la New Orleans Saints, afanye kazi pamoja na mratibu Steve Ensminger na kufufua mchezo wa kurusha mpira. Mwaka huo LSU ilishinda mechi zote 15 na Joe Burrow akarusha mipira 60 iliyozaa mabao. Siku chache baada ya fainali ya Januari 13, 2020, Brady alihamia Carolina Panthers. Burrow na wenzake kadhaa nao waliingia ligi ya kulipwa. Msimu uliofuata LSU ilishinda mechi tano na kupoteza tano.

Wanafunzi nao hawangoji tena kuamuliwa. Tangu 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, kiliruhusu mchezaji kuhamia chuo kingine bila kukaa nje mwaka mzima. Mratibu akifutwa leo, huenda kesho chuo kikampoteza pia yule aliyeifahamu kamusi yake.

Hapa Kenya vyuo vikuu hucheza raga, soka na magongo bila mabenchi makubwa ya namna hiyo. Lakini katika timu za taifa suala ni lile lile, na timu ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, imetoa funzo lililo wazi zaidi. Mei 2023, jijini London, Shujaa ilishindwa na Canada 12-7 na kushushwa kutoka msururu wa dunia uliokuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Kocha Damian McGrath aliondoka. Badala ya kuagiza mgeni mwingine mwenye kamusi mpya, chama kilimpandisha cheo Kevin Wambua, aliyekuwa msaidizi katika benchi hilo hilo.

Wachezaji hawakuhitaji kujifunza lugha upya. Septemba 2023, jijini Harare, waliilaza Afrika Kusini 17-12 katika fainali ya Afrika na kufuzu kwa Olimpiki za Paris. Juni 2024, jijini Madrid, wakarejea katika ngazi ya juu.

Katika soka, desturi imekuwa kubomoa nyumba yote na kujenga nyingine. Adel Amrouche alipofutwa na shirikisho mwaka wa 2014, kesi yake ilifika mahakama ya michezo duniani, na Kenya ikaamriwa kumlipa zaidi ya Sh100 milioni. Baada yake makocha wakuu wa Harambee Stars wamekuja na kuondoka, na wasaidizi wao pamoja nao.

Aliyeteuliwa Machi 2025 anaifahamu kazi ya mashambulizi kutoka pande zote. Benni McCarthy, mfungaji bora wa historia ya Afrika Kusini, alijiunga na Manchester United mnamo 2022 akiwa kocha wa kuwanoa washambulizi chini ya Erik ten Hag. Msimu wake wa kwanza Marcus Rashford alifunga mabao 30. Mkataba wake ulipoisha mwaka wa 2024 haukuongezwa, na Julai hiyo benchi likapangwa upya kwa kumleta Ruud van Nistelrooy. Oktoba, ten Hag mwenyewe alitimuliwa.

Alipokuja Nairobi, McCarthy hakupangiwa wasaidizi wote na shirikisho. Aliandamana na Waafrika Kusini wenzake, wakiwemo msaidizi Vasili Manousakis na mkufunzi wa makipa Moeneeb Josephs, watu wanaozungumza lugha yake ya soka.

Katika kipute cha CHAN kilichoandaliwa Kenya, Uganda na Tanzania Agosti 2025, timu yake iliongoza kundi lililokuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, ikifunga bao moja katika kila mechi na kufungwa moja tu kwa jumla. Ryan Ogam alizifunga Morocco na Zambia. Katika robo-fainali, Kasarani, Stars walitoka sare ya 1-1 na Madagascar kisha wakashindwa 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Kipute kilipomalizika, Ogam alikuwa amesajiliwa na Wolfsberger ya Austria, na kocha aliyewahi kuwanoa mafowadi wa Old Trafford akabaki na kazi ya kumtafuta fowadi mwingine wa ligi ya nyumbani na kumfundisha yote yale tangu mwanzo.