Nchi Jirani: Dhana si Hakika

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo ni fupi, lakini ndani yake mna onyo kwa kila mtu aliyekabidhiwa silaha. Lamwambia asipime jambo kwa sura yake ya nje, wala asigeuze dhana yake kuwa hakika. Katika historia ya nchi jirani za Afrika Mashariki, hakuna mahali ambapo onyo hilo limethibitika kwa gharama kubwa zaidi kuliko katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979.

Mwezi Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa. Amin alijibu kwa kupeleka ndege kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Tanzania haikutangaza vita. Mwezi Oktoba mwaka huo huo nchi hizo mbili zilifikia mapatano mjini Mogadishu. Mtu mwenye busara angaliona hapo nchi iliyochagua amani ingawa imechokozwa. Mtawala wa Kampala alifanya mambo kama mtu aliyeona hapo nchi isiyoweza kupigana. Miaka sita baadaye watu wa Kagera ndio waliolipa gharama ya kosa hilo la macho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera limekuwa sehemu ya Uganda. Raia waliuawa, nyumba zikaporwa, kiwanda cha sukari kikaharibiwa, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo. Daraja la Kyaka lilishambuliwa kwa ndege bila ya kuanguka; hatimaye, tarehe 3 Novemba, likavunjwa kwa baruti. Aliyelivunja aliona mto umekuwa ukuta. Lakini daraja ni kazi ya mikono ya watu, na mikono iliyojenga la kwanza yaweza kujenga la pili. Kabla ya mwezi huo kwisha, askari wa Tanzania walikwisha kuvuka, na daraja la muda likawekwa mahali pa lile lililovunjwa.

Yapasa kuuliza: Amin alitazama nini hata akakosea kiasi hicho? Alitazama vitu vinavyoonekana. Alikuwa na vifaru, na ndege za kivita aina ya MiG. Alikuwa na cheo cha Jemadari Mkuu na nishani zilizojaa kifuani, na alijiita mshindi wa Ufalme wa Uingereza. Wageni waliotazama gwaride lake waliona jeshi la kutisha. Yasiyoonekana katika gwaride yalikuwa mengine kabisa. Tangu mwaka 1971 askari wengi wa makabila ya Acholi na Langi walikuwa wameuawa na wenzao kambini. Uchumi ulikuwa umeporomoka baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Mwaka 1978 Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari, na baadhi ya askari waliomfuata wakaasi. Jeshi lisiloaminiana haliponywi na wingi wa vifaru. Debe tupu haliachi kutika.

Kwa upande wa pili, yaliyoonekana Tanzania yalikuwa machache. Jeshi lilikuwa dogo, na mpaka ulikuwa na walinzi haba. Yasiyoonekana ni mgambo vijijini, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, askari polisi na magereza, na wananchi waliotoa malori na mabasi ili askari wafike Kagera. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kupigana ipo, uwezo upo na nia ipo. Katika mambo hayo matatu, ni uwezo peke yake ambao jasusi angaliweza kuuhesabu kwa vidole, na hata huo alikuwa ameuhesabu nusu.

Hata hivyo, ndugu askari, ingekuwa hadaa kudhani kwamba upofu huo ulikuwa wa upande mmoja. Habari za kuwapo kwa matayarisho ya Amin zilifika kabla ya uvamizi, lakini hazikupewa uzito uliostahili, kwa kuwa Amin alizoeleka kuwa mtu wa makelele. Ilidhaniwa kwamba mtu wa makelele hatendi. Na vita vilipoanza, walinzi wa mizinga ya kutungulia ndege waliona ndege za kivita zikiwajia. Walijua kwamba adui ana ndege kama hizo, wakafyatua, nazo zikaanguka. Zilikuwa ndege za Tanzania yenyewe. Vijana waliofyatua hawakuwa wasaliti wala wazembe. Waliona sawasawa, ila walijaza kwa dhana pale ambapo palihitaji kujazwa kwa taarifa.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, jambo kama hilo liliwapata wasaidizi wa Amin. Majeshi ya Libya na ya Uganda yaliishambulia Brigedi ya 201, ambayo wengi wa askari wake walikuwa mgambo. Brigedi ikarudi nyuma kwa vurugu. Kwa mtazamaji wa usiku ule, ushindi ulikuwa wa Walibya. Lakini hawakuiona Brigedi ya 208, iliyokuwa ikigeuka kutoka mbali ili iwafikie kwa ubavuni. Alfajiri ilipopambazuka, Brigedi ya 201 ilikuwa imejipanga upya mbele yao, na ya 208 imewafikia. Ushindi wa usiku ukawa maangamizi ya asubuhi.

Tarehe 29 Machi ndege ya Libya aina ya Tupolev, yenye kwenda kwa kasi kuliko sauti, ilitumwa kupiga bohari ya mafuta mjini Mwanza. Jina lake pekee lilitosha kutia hofu. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, katika hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Bohari ikabaki salama, na majeshi yakaendelea na safari. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979.

Ipo dhana nyingine iliyohitaji kuvunjwa, nayo ni ile ya kudhani kwamba adui alikuwa Mganda. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na Watanzania, na watu wa Kampala walitoka majumbani kuwapokea. Askari aliyemwona kila mkazi wa ng'ambo kuwa adui angalimpiga risasi ndugu yake. Leo nchi hizo mbili zimo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hilo lisingewezekana kama wakati ule hakuna aliyepambanua kati ya mtawala na watu wake.

Basi mafunzo ya Kagera hayakuishia kwa majemadari. Yamhusu mlinzi aliye lindoni, na askari polisi aliye kwenye kizuizi cha barabarani. Mtu akimbiapo usiku si lazima awe mwizi; huenda ndiye aliyeibiwa. Gari lililozoeleka si lazima liwe na dereva aliyezoeleka. Mpaka ulio kimya si lazima uwe salama, wala jirani mnyamavu si lazima awe mwoga.

Dawa yake haihitaji mitambo ya gharama. Askari atoapo taarifa na atenge mambo matatu: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoambiwa na wengine, na anayoyadhani. Yote matatu yana kazi yake, mradi kila moja liitwe kwa jina lake. Na mkuu apokeaye taarifa asimkaripie aliye chini yake kwa kusema, "Hili sina hakika nalo." Neno hilo si udhaifu. Lingalisemwa kwa sauti kwenye mizinga ile mwaka 1978, huenda marubani wale wangalirudi kwa jamaa zao.

Silaha hufyatuka kwa kidole, lakini kidole huongozwa na akili, na akili ikilishwa dhana hutoa maafa. Dhana si hakika.