Nyumba janja isiyotegemea seva ya kampuni

Katikati ya Aprili 2022, wateja wa kampuni ya Insteon ya Marekani waligundua kuwa programu ya simu waliyoitumia kuwasha taa za nyumbani imeacha kufanya kazi. Seva za kampuni hiyo zilikuwa zimezimwa bila taarifa. Swichi za ukutani ziliendelea kuwasha taa kama kawaida, ila amri zilizotumwa kwa simu hazikuwa na pa kwenda. Mwezi Juni kundi la wateja liliinunua kampuni hiyo.

Chanzo cha mkasa huo ni jinsi vifaa vingi vya aina hii vinavyofanya kazi. Mtu akibonyeza simu akiwa sebuleni, amri husafiri kwa intaneti hadi kwenye seva ya mtengenezaji, pengine katika bara jingine, kisha hurudi kwenye taa iliyo mita mbili tu kutoka alipoketi. Mwenye seva hiyo huweza pia kujua saa wenye nyumba wanazolala na wanazotoka.

Njia mbadala ni kuiweka seva ndani ya nyumba. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen. Ni ya bure, na tangu 2024 inasimamiwa na wakfu wa Open Home Foundation wa nchini Uswisi.

Programu hiyo husakinishwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au hata kompyuta kuukuu isiyotumika, ambayo huunganishwa na ruta kwa waya. Taa na vihisi vinavyotumia mawimbi ya redio ya Zigbee huhitaji kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na havihitaji intaneti kabisa. Kisha mwenye nyumba huandika kanuni zake. Kila kanuni huwa na tukio, sharti na tendo: kihisi kikiona mtu ukumbini, na jua likiwa limezama, taa iwake kwa dakika tano.

Hata hivyo, uhuru huo una kazi yake. Kadi ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, hivyo diski ya SSD ni bora zaidi, na nakala ya akiba haina budi kuhifadhiwa nje ya kompyuta hiyo. Anayetaka kuifikia nyumba yake akiwa safarini atumie VPN, asiifungulie seva mlango kwa dunia nzima. Si kila kifaa kinachokubali kuongozwa kwa njia hii. Vingine bado hudai seva ya mtengenezaji. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji kama kifaa kitafanya kazi intaneti ikikatika.