Washona Mahema wa Korintho

Watu wengi hudhani ya kuwa Mtume Paulo alikuwa mhubiri tu. Sivyo, alikuwa na kazi ya mikono pia, nayo ni kushona mahema. Yapata mwaka 50 alifika Korintho, mji mkubwa wa biashara katika nchi ya Uyunani. Huko alimkuta Akila na mkewe Prisila, Wayahudi waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, alikaa kwao, wakashona pamoja; na kila Sabato alisema na watu katika sinagogi.

Fikiri basi juu ya kazi ile. Ubaya wa mshono hauonekani sokoni. Huonekana mvua inyeshapo. Fundi mvivu aweza kupitisha uzi mara moja badala ya mara mbili, na mnunuzi asijue, mpaka usiku mmoja safarini yeye na watoto wake walowe. Ndipo itakapojulikana kama fundi yule alimcha Mungu, au aliogopa macho ya watu tu.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Akila na Prisila walipokuwa Efeso walimsikia Apolo, msemaji hodari, akifundisha, lakini elimu yake ilikuwa na upungufu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza sawasawa. Na nyumba yao ikawa mahali pa kanisa kukutania.

Nawe, mwanafunzi, ufagiapo darasa au umtekeapo mama maji, jiulize: Je, ningefanya hivi hivi kama hapana anionaye?